Kiwiko cha mchimbaji na mashine ya mawimbi

Swali: Daktari, nachimba dhahabu hapa Salamabila. Kiwiko cha mkono wa nyundo kinaniuma upande wa nje, miezi mingi sasa. Ndugu yangu wa Bukavu ananishauri nitafute matibabu ya mashine ya mawimbi. Yataniponya?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Mashine hiyo hupitisha mawimbi ya mgandamizo ndani ya ngozi ili kuamsha uponaji wa kano. Ilitokana na ile iliyoanza kuvunja mawe ya figo huko Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Husaidia zaidi maumivu sugu ya kisigino na bega lenye chokaa kwenye kano. Kwa kiwiko, tafiti hazikubaliani. Usimalize akiba yako kwa matibabu hayo kwanza.

Punguza nyundo, mpokezane na wenzako. Kila siku laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini nje ya ukingo, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, shusha polepole mara 15, raundi 3. Vumilia miezi 3. Maumivu yakizidi, punguza uzito wa chupa.

Ukipata ganzi vidoleni, homa au uvimbe wa moto, wahi hospitali. Mawimbi hayawafai wajawazito wala wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda.