Mama Kafanyiwa Upasuaji: Mtoto Akae Wapi?

Somo la leo wengi hudhani ni la wakubwa tu. Lakini dada yako au wifi yako akipelekwa hospitali kujifungua, ni nani hutumwa kubeba ndoo, chupa ya chai na kanga? Mara nyingi ni wewe. Basi soma hadi mwisho.

SAFARI YA BOTI

Mwamgongo ni kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Zahanati huweza kuzalisha, lakini zahanati haifanyi upasuaji. Mtoto akikaa vibaya tumboni, mama hupelekwa kwa boti hadi Kigoma mjini, ziwa liwe shwari au limechafuka.

Tuseme wifi yako kafika salama, kapasuliwa, na mtoto kalia. Ndugu wote wanashukuru. Kisha mtoto anafungwa kanga na kulazwa chumba kingine “ili mama apumzike”. Saa zinapita. Shangazi anasema, “Aliyepasuliwa hana maziwa, tumpe mtoto maji ya sukari.”

Hapo ndipo hatari inapoanza.

KWA NINI WASITENGANISHWE?

1. Joto. Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Sentigredi. Akizaliwa huwa amelowa, hivyo hupoa upesi. Akikaushwa na kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, huku amefunikwa mgongoni na kuvalishwa kofia, mwili wa mama humpasha moto.

2. Maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja. Maziwa ya kwanza, yaani dang’a, ni machache na mazito, lakini yana kinga dhidi ya magonjwa. Ni kweli kwamba baada ya upasuaji maziwa mengi huweza kuchelewa. Dawa yake ni kumnyonyesha mtoto mara kwa mara. Maji ya sukari hushibisha bure na huweza kuleta vijidudu.

3. Mama mwenyewe. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini. Homoni hiyo hubana mji wa mimba na kupunguza kutoka damu.

MBONA ANA KIDONDA?

Siku hizi akina mama wengi hupasuliwa kwa ganzi ya mgongo. Mama anakuwa macho, kwa hiyo anaweza kupewa mtoto mapema, hata akiwa bado chumba cha upasuaji. Kama alilazwa usingizi kabisa, apewe mara anapozinduka. Wakati wa kusubiri, baba anaweza kumweka mtoto kifuani kwake. Ndiyo, baba! Kifua cha mwanaume nacho kina joto.

JE, MTOTO NJITI?

Zamani ilidhaniwa njiti lazima kwanza atengwe hadi apate nafuu. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kati ya kila 100 waliowekwa kifuani kwa mama mapema baada ya kuzaliwa, 12 walifariki ndani ya siku 28. Kwa waliotengwa kwanza walikuwa karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri njia hii ya kangaruu ianze mara moja.

Hata hivyo, mtoto asiyepumua vizuri, au mama aliye mahututi, lazima ahudumiwe kwanza na waganga. Hapo ndugu waulize: mama atamwona mtoto lini, na maziwa yakamuliwe vipi?

KAZI YAKO WEWE

Kati ya mwaka 2016 na 2018, baadhi ya vituo vya serikali mkoani Kigoma vilijaribu utaratibu wa mama kuwa na mwenzi wa kumsindikiza wakati wa kujifungua. Ndugu aliye karibu ni msaada mkubwa, ila ajue la kufanya:

• Omba kwa heshima: “Shikamoo nesi. Tunaomba mtoto awekwe kifuani kwa mama yake. Inawezekana sasa?”
• Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto.
• Msaidie mama alale ubavu, au ampakate mtoto kwapani, miguu ikielekea nyuma, ili asiguse kidonda.
• Mama akisinzia, usiondoke. Angalia pua ya mtoto isizibwe, na asianguke.
• Mama akiwa na maumivu, mwite nesi. Zipo dawa za maumivu zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Kumbuka: kidonda ni cha tumboni. Kifua kiko tayari.

JADILINI KLABUNI

1. Utamjibuje shangazi anayetaka kumpa mtoto maji ya sukari, bila kumvunjia heshima?
2. Wavulana, mko tayari kumbeba mtoto kifuani?