Kaunti Moja, Hali za Hewa Tatu: Fahamu Eneo Lako Kabla ya Kupanda

Mkazi wa Wundanyi akivaa sweta mwezi wa Julai, mwenzake wa Voi huenda anatafuta kivuli. Miji hii haiko mbali, na yote iko karibu na Ikweta, ambapo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Basi tofauti inatoka wapi? Jibu ni muhimu kwa kila mkulima wa Taita Taveta, kwa kuwa mbegu inayofaa eneo moja inaweza kuleta hasara katika eneo jingine.

Mwinuko

Jua hupasha ardhi joto kwanza, kisha ardhi hupasha hewa. Hewa inapopanda hutanuka na kupoa. Kwa wastani, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Wundanyi takriban mita 1,400. Hiyo ni tofauti ya karibu nyuzi 5. Kilele cha Vuria, chenye zaidi ya mita 2,200, kina baridi zaidi.

Upepo na milima

Upepo kutoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukivuka nyanda za Voi, hakuna kitu cha kuuinua, hivyo mvua huwa haba ingawa bahari iko takriban kilomita 150 tu. Ukigonga Milima ya Taita, hulazimika kupanda, unapoa, na unyevu hugeuka ukungu na mvua. Ndiyo sababu misitu kama Ngangao husalia kijani kibichi. Baada ya kuvuka milima, upepo hushuka ukiwa umepoteza unyevu mwingi. Maeneo ya upande huo, kama Kishushe, huwa makavu. Hali hii huitwa kivuli cha mvua.

Maji kutoka mbali

Taveta nayo ina habari yake. Mvua yake si nyingi, lakini maji ya Mlima Kilimanjaro hupita chini ya ardhi na kutokeza katika chemchemi kama Njoro Kubwa. Mkulima aliye karibu na mfereji anaweza kukuza ndizi, huku jirani asiye na mfereji akitegemea mawingu.

Maana yake kwa mkulima

• Nyanda za chini: panda mazao yanayokomaa mapema na kustahimili ukame, kama mtama, pojo, kunde na mahindi ya Katumani. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida hutegemewa kuliko za masika.

• Milimani: baridi huchelewesha mazao kukomaa, kwa hivyo hesabu miezi vizuri. Linda miti na matuta, kwa kuwa mvua kwenye miteremko hubeba udongo.

• Taveta: tunza chemchemi na mifereji. Maji hayo yanatumiwa na wengi.

Mahindi kama H614, ambayo huhitaji miezi 6 hadi 8 penye baridi na mvua ya kutosha, yatakauka nyanda za chini kabla ya kubeba.

Usinunue mbegu kwa sababu tu imemfaa ndugu yako wa eneo jingine. Sikiliza utabiri wa msimu, kisha mwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla mvua haijaanza.