Mzigo Usiofika Robo ya Frasila

Katika karne ya 19, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kabla ya kuondoka kambini aliukagua mzigo wake, akazikaza kamba, kwa maana ukilegea njiani hasara ni yake. Wanawake nao walifuatana na waume zao, vyombo kichwani na mtoto mgongoni.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mizigo ya begani ikapungua. Lakini mzigo ule wa mgongoni haukupakiwa katika gari-moshi. Mtoto mchanga kwa kawaida hafiki robo ya frasila, walakini hakuna mzigo unaodai uangalifu kama huo. Basi, wazazi wapenzi, tuzikague kamba zake moja moja.

Kwanza ni joto. Mtoto akiisha kuzaliwa, akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Haifai kumwogesha kabla ya saa 24 kupita, kwa kuwa hupoteza joto upesi. Anapoogeshwa, maji ya baridi yatangulie katika beseni, ndipo ya moto yaongezwe, na mama ayapime kwa kiwiko. Mkono uliozoea jungu hauwezi kuaminiwa.

Pili ni kitovu. Kiachwe kikavu na safi, kisipakwe majivu, wala mafuta, wala samadi. Kwa mlango huo mdogo huingia pepopunda, ambayo ni mwuaji wa watoto wachanga. Atakayekigusa hana budi kunawa kwa sabuni kwanza, hata kama ndiye bibi mwenye nyumba.

Tatu ni chakula. Mtoto anyonye katika saa ya kwanza, wala dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yasimwagwe, kwa kuwa ndiyo kinga yake ya awali. Kwa miezi sita maziwa ya mama yamtosha, bila uji na bila maji, hata katika jua kali la Septemba na Oktoba. Kisha aanze kupewa uji mzito uliotiwa karanga zilizosagwa laini, maharage yaliyopondwa, mayai, mboga na matunda, huku akiendelea kunyonya hata atimize miaka miwili au zaidi.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya asali. Tabora ni nchi ya miombo na mizinga, na asali yake yasifiwa mbali. Bibi anapomlambisha mjukuu wake tone moja, hufanya hivyo kwa upendo, naye astahili kusikilizwa kwa heshima. Lakini asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kisichoonekana. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Katika utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka zaweza kuota na kutoa sumu ilegezayo viungo. Mtoto huacha kunyonya, kilio chake hufifia, na mwishowe hushindwa kuvuta pumzi. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Basi mwambieni bibi kwa upole: “Tone hili tulitunze, bibi, hata mjukuu wako atimize mwaka.” Hakika hatakosa kuelewa, kwa sababu anayemtaka mtoto huyu aishi kuliko sote ni yeye.

Jambo jingine lawahusu wakulima wa tumbaku. Majani mabichi ya tumbaku yana sumu ipitayo katika ngozi. Mama atokaye shambani au kwenye bani anawe vizuri na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Mbeleko iliyolowa katika tumbaku isimguse mtoto, wala asilazwe karibu na moshi wa kukaushia majani.

Usiku mtoto alazwe chali, ndani ya chandarua, maana malaria ingali adui yetu. Akiharisha, azidi kunyonyeshwa, tena apewe chumvichumvi ya pakiti iliyokorogwa katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoagiza mganga. Akiwa na homa, akikataa kunyonya, au akipumua kwa shida, apelekwe zahanati siku ile ile. Kesho yaweza kuwa mbali mno.

Sasa twawageukia akina baba. Nepi zafuliwa kwa maji, mikono yanawishwa kwa maji, na mtoto huogeshwa kwa maji. Maji hayo huchotwa na nani? Mara nyingi ni mama yule yule aliyejifungua juzi. Katika msafara wa kale, mpagazi aliyechoka aliweza kupokewa mzigo na mwenzake. Baba achukuaye ndoo, afuaye nepi, na ashikaye mtoto ili mama alale, hajipunguzii heshima. Amempokea mwenzake mzigo.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, kila baba na aulize nyumbani mwake: je, maji ya mtoto ya kesho yapo?