Ijaribu Programu kwa Shimo Ambalo Jibu Lake Unalo

Usilipie programu yoyote ya kukokotoa ujazo wa udongo kabla hujaipa shimo ambalo umeshalipigia hesabu kwa mkono. Shimo hilo liwe na kingo za mteremko, maana shimo lenye kuta zilizosimama wima hata kikokotoo cha simu hulimaliza. Programu hutofautiana kwenye mteremko, na hapo ndipo fedha ya mkandarasi hupotelea.

Chukua lambo la kunyweshea mifugo kwenye ardhi tambarare. Mdomo wake ni mita 40 kwa 30, kina ni mita 3, na kingo zinashuka mita 1 kwa kila mita 2 za mlalo. Kila ukingo unaingia ndani mita 6, kwa hiyo sakafu inabaki mita 28 kwa 18. Ligawe lambo hilo vipande. Sehemu iliyo juu ya sakafu ni 28 × 18 × 3, yaani 1,512. Kandokando yake kuna kabari nne: mzunguko wa sakafu ni mita 92, na kila mita ina pembetatu ya 6 × 3 ÷ 2, yaani 9. Hizo ni 828. Zinabaki pembe nne, kila moja piramidi ya 6 × 6 × 3 ÷ 3, yaani 36, na zote ni 144. Jumla ni mita za ujazo 2,484. Hakuna makadirio humo, hivyo programu ikitoa jibu tofauti, una haki ya kuuliza kwa nini.

Na jibu lenyewe litakuambia kwa nini. Ukiona 2,556, programu imechukua wastani wa eneo la mdomo na la sakafu, ikazidisha kwa kina. Imekuongezea mita 72 za udongo ambao haupo. Ukiona takriban 2,453, imejenga kingo kuanzia sakafuni na kuviringa pembe nne. Hilo si kosa iwapo mchoro wako unataka pembe za mviringo, lakini hakikisha unajua mahali pa kubadilisha mpangilio huo. Ukiona 3,294, mteremko umesomwa kinyume: wewe umeandika 1 kwa 2 ukimaanisha wima kwa mlalo, yenyewe imeelewa mlalo kwa wima. Kosa hilo ni rahisi mno kulifanya, kwa sababu watengenezaji hawajakubaliana namba ipi itangulie. Mimi huipendelea programu inayochora mkato wa ukingo pembeni mwa kisanduku cha kuandikia uwiano, ili jicho lilione kosa kabla halijaingia kwenye orodha ya kazi na vipimo (BOQ).

Kuwa mwangalifu zaidi na programu zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara. Hizo hukata ardhi vipande kwa umbali sawa, zikapima eneo la kila mkato, zikachukua wastani wa mikato miwili jirani. Kwenye barabara ya kilomita kadhaa njia hiyo inakubalika. Kwenye lambo letu, mikato ya kila mita 20 kufuata upande wa mita 40 inatoa 1,440 tu, kwa sababu mkato wa kwanza na wa mwisho umeangukia ukingoni kabisa, ambako eneo ni sifuri. Ukiikaza iwe kila mita 10 unapata 2,160. Kila mita 5, unapata 2,425. Kwa hiyo muulize muuzaji kama umbali wa mikato unabadilika, na kama unaweza kuongeza mkato pale mteremko unapoanza na unapokoma.

Ardhi isipokuwa tambarare, hesabu ya mkono haitoshi tena. Hapo unahitaji programu inayojenga sura mbili za ardhi kwa mtandao wa pembetatu, ya kabla na ya baada ya kuchimba, kisha ikatoa moja kwenye nyingine. Civil 3D ya Autodesk hufanya hivyo vizuri, ila hulipiwa kwa muda na hutaka kompyuta ya Windows yenye nguvu. Inafaa kampuni yenye kazi za mfululizo. QGIS ni ya bure. Ndani yake unajenga sura hizo mbili, unazitoa kwa kikokotoo cha rasta, kisha unajumlisha ujazo. Inataka uvumilivu, na visanduku vya gridi viwe vidogo, nusu mita au chini yake, la sivyo kingo zitaonekana kama ngazi. Kwa mashimo ya mstatili kwenye ardhi iliyonyooka, lahajedwali yenye hesabu niliyoionyesha hapo juu inatosha, na msimamizi wa mradi anaweza kuikagua mstari kwa mstari.

Programu yoyote utakayochagua lazima ikubali mistari ya mkunjo, yaani mstari wa mdomo na ule wa chini ya mteremko. Pasipo mistari hiyo, pembetatu huweza kuruka kutoka juu ya ukingo hadi katikati ya sakafu na kufuta kona ya shimo. Mpimaji naye achukue alama za kutosha juu ya mistari hiyo, si katikati ya uwanja tu, na apime ardhi ya asili kabla kijiko hakijafika. Kwa Tanzania na Kenya, angalia pia kama programu inatambua mfumo wa viwianishi vya ramani wa Arc 1960. Ramani nyingi za zamani ziko humo, na ukiuchanganya na mfumo wa WGS 84 unaotumiwa na GPS, mradi wako unahama takriban mita 300.

Mwisho, tazama programu inavyoshughulikia udongo uliolegea. Ujazo wa 2,484 ni wa udongo ukiwa bado mahali pake. Mfinyanzi ukichimbwa huweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 40, na mwamba zaidi ya hapo. Kwa ongezeko la asilimia 25, lambo letu linakuwa mita 3,105 za kupakia, yaani safari 311 za tipa la mita 10 badala ya 249. Ripoti ionyeshe namba zote mbili, kila moja kwenye safu yake, pamoja na kiwango cha ongezeko kilichotumika.