Kiharusi Hakisubiri Kikao

Katika nyumba zetu nyingi, mgonjwa wa kiharusi hupotezewa muda hata kabla gari halijatafutwa. Anapotezewa na kikao. Mke anampigia mtoto mkubwa, mtoto mkubwa anampigia baba mkubwa, baba mkubwa anasema msubirini nafika, jirani analeta mafuta ya kuchulia, mwingine anauliza kama mzee hakugombana na mtu wiki iliyopita. Kila mmoja ana nia njema. Wakati huo sehemu ya ubongo iliyokosa damu inakufa: makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2006 yalisema kuziba kwa mshipa mkubwa wa ubongo huua wastani wa chembe za neva milioni 1.9 kila dakika. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo vipeperushi vya huduma ya kwanza huliacha. Aliyeziona dalili ndiye mwenye mamlaka ya kuita gari, awe mjukuu wa kidato cha pili au dada wa kazi. Ukoo utaarifiwa mgonjwa akiwa njiani.

Kiharusi ni damu kushindwa kufika kwenye sehemu fulani ya ubongo. Mara nyingi mshipa umezibwa na bonge la damu. Mara chache zaidi umepasuka na damu inavuja ndani ya fuvu. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kiasi kwamba hata daktari mzoefu hathubutu kuyatenganisha bila picha ya CT skani. Lishike hilo, maana makatazo kadhaa yatakayofuata yametoka hapo.

Alama yake kubwa ni kuja ghafla. Ganzi ya miguu iliyokuja kidogo kidogo kwa miezi ina habari yake. Mtu aliyekuwa anamenya viazi sasa hivi na kisu kikamdondoka mkononi, huyo mchunguze. Anza na uso. Usimwambie atabasamu, kwa sababu mzee aliyeshtuka hana cha kumchekesha. Sema, “Babu, hebu nionyeshe meno yako.” Upande mmoja wa mdomo ukipanda na mwingine ukabaki umelala, jibu umeshalipata. Kisha anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, nawe uhesabu polepole hadi kumi. Mkono mmoja ukishuka, au kiganja kikaanza kujigeuza chini, hiyo ni dalili hata kama mwenyewe hajahisi kitu. Akiwa amelala na hawezi kukaa, mpime kwa miguu, auinue mmoja kisha mwingine.

Kwenye usemi ndiko tunakodanganyika zaidi, na tunadanganywa na adabu zetu wenyewe. Wa kwanza kufika anasema shikamoo, mzee anaitikia marahaba vizuri kabisa, na nyumba nzima inashusha pumzi. Lakini maamkizi, sala, kuhesabu moja hadi kumi, hata matusi, ni maneno ambayo ulimi umeyazoea mno, na mtu aliyeharibikiwa uwezo wa lugha anaweza kubaki nayo. Mpe kazi ya kutunga. Mwonyeshe ufunguo, kisha kijiko, aseme ni nini. Muulize jana usiku mlikula nini. Mpe sentensi mpya airudie: “Mwajuma amenunua kuku wawili weusi Kariakoo.” Halafu mpe agizo: “Shika sikio lako la kushoto.” Akikosea maneno, akitafuna silabi, akisema kwa ufasaha mambo yasiyoeleweka, au akikutazama tu kama uliyesema kwa lugha ya kigeni, basi usemi umeguswa.

Dalili moja inatosha. Usingoje zitimie tatu. Zipo na nyingine ambazo hazionekani usoni wala mkononi: jicho moja kuona giza ghafla au nusu ya kila kitu kutoonekana, kizunguzungu kinachomfanya mtu ayumbe na kushindwa kusimama, au kichwa kuuma ghafla kwa ukali ambao hajapata kuujua. Huyo wa kuyumba ana bahati mbaya zaidi, hasa akiwa stendi au baa. Watu humpita wakidhani amelewa, na wenye vidole vyepesi humsachi mifuko. Kunusa pombe hakuondoi kiharusi, kwa kuwa mlevi naye ana mishipa.

Wala usimtegemee mgonjwa akuambie ana shida. Kiharusi mara nyingi hakiumi, na kikipiga upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya asijue kabisa kwamba mkono wake wa kushoto umelegea. Atasema ni uchovu, amelalia mkono, aachwe apumzike. Atakasirika ukimshika. Mzee wetu hatujazoea kumbishia, na hapa inabidi abishiwe, kwa upole na bila kumwachia nafasi ya kurudi kulala.

Kuna namna moja ya kiharusi inayopoteza wengi: mdomo ulipinda, ukakaa hivyo dakika kumi au ishirini, ukarudi. Watu hushukuru Mungu na kuendelea na shughuli. Bonge limeziba na kuachia, na hatari ya kiharusi kamili iko juu mno ndani ya siku mbili zinazofuata. Huyo naye aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa gari. Tanzania na Kenya namba ya dharura ni 112. Kenya pia kuna 999, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea kwa 1199. Jaribu, lakini usikae na simu sikioni huku teksi ya jirani imeegeshwa nje. Wengi wetu ambulensi yetu ni Noah ya mtu au bajaji. Pikipiki iwe chaguo la mwisho kabisa: mwili uliolegea upande mmoja haukai mshikaki salama, na mgonjwa akitapika katikati ya watu wawili hakuna wa kumgeuza. Gari likipatikana, alazwe kiti cha nyuma kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, mtu mmoja akiwa naye. Kumkalisha mbele kwa mkanda huku kidevu kimeangukia kifuani ni kumbana njia ya hewa.

Wapi? Kama anapumua vizuri na yuko macho, hospitali yenye CT skani. Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya ni majina yanayojulikana, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania zimefungiwa mashine hizo miaka ya karibuni. Ila mashine huharibika, kwa hiyo mwingine apige simu huku gari linakwenda, aulize kama leo inafanya kazi. Kama anakoroma kwa shida, amepoteza fahamu au ana degedege, kimbilia kituo chochote kilicho karibu, kwanza apate hewa.

Mkisubiri gari, kazi ni chache na nyingi ni za kuacha. Alale kwa ubavu, hasa akisinzia au akitapika. Legeza tai, mkanda, sidiria, pini ya mtandio. Meno ya bandia yanayocheza yatoke. Usimwinue kwa kuvuta mkono uliolegea, bega halina misuli ya kulishikilia na litachomoka. Zungumza naye, mwambie jina lako na kinachoendelea: asiyeweza kujibu huenda anasikia kila kitu, pamoja na shangazi anayelia mlangoni. Akiacha kupumua, mlaze chali mahali pagumu na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi apatikane wa kukupokea. Akipata degedege usimtie kijiko mdomoni.

Asipewe kitu mdomoni. Si maji, si uji, si soda, si asali, si maji ya kuombewa, si tende kama ni saa ya kufuturu. Kiharusi hulegeza koo pia, na kile unachodhani amekimeza kimeingia mapafuni. Nimonia ya namna hiyo ni miongoni mwa vinavyowaua wagonjwa siku chache baadaye.

Aspirini nayo iacheni. Mtu amesoma kwamba inazuia damu kuganda, na ni kweli, lakini kama mshipa umepasuka umemwongezea mvujo. Atapewa hospitalini baada ya picha, ikifaa. Dawa za presha ndizo zenye kishawishi kikubwa kuliko zote: kipimo cha nyumbani kinasoma 200, binti anakimbilia vidonge vya mama, tena wengine huvitia chini ya ulimi vifanye kazi upesi. Presha iliyopanda saa ile mara nyingi ni mwili unaojitahidi kusukuma damu ipite pembeni ya kizuizi. Ukiishusha kwa kishindo, hata sehemu ya ubongo iliyokuwa inajikongoja inakosa damu. Madaktari wenyewe huishusha kwa hesabu.

Na ule ujumbe wa WhatsApp wa kumchoma mgonjwa sindano kwenye ncha za vidole na masikio ili damu itoke, umezunguka dunia miaka mingi na hauna ukweli. Vidole viko mbali na bonge. Kumchua, kumkanda kwa maji moto na kummwagia maji baridi hakuzibui mshipa pia. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kunaonekana kama kazi inafanyika. Kuhusu anayesema ni jini au mkono wa mtu, sina nia ya kubishana naye sebuleni. Mganga, shehe na mchungaji wote watamkuta wodini.

Kipimo kimoja cha nyumbani kina maana: sukari. Mtu mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka sana anaweza kulegea upande mmoja na kuongea ovyo, sawasawa na kiharusi. Mashine ikiwepo, mtoboe kidole mara moja. Ikisoma chini ya 4 (au chini ya 70 kwa mashine za kipimo kingine), apitishwe kituo cha afya cha karibu apewe sukari kwa mshipa, kisha safari iendelee kama dalili hazijaondoka. Soda haimiminwi kwenye mdomo wa mtu asiyemeza.

Kitu cha kubeba chenye thamani kuliko nguo ni saa. Daktari atauliza: mara ya mwisho alionekana mzima lini? Ipo dawa ya kuyeyusha bonge inayochomwa mshipani ndani ya saa nne na nusu tangu hapo, picha ikionyesha hakuna damu iliyovuja; ni ghali na haipo kila hospitali, lakini ilipo, hakuna saa hakuna dawa. Ukiamka ukamkuta amepinda, saa siyo ya kuamka. Ni ile ya usiku alipokwenda msalani akatembea mwenyewe. Na hapa saa zetu zina mtego. Ukisema “saa mbili” na anayeandika akajaza 2:00, umemhamisha mgonjwa saa sita. Sema saa mbili asubuhi, na kwenye karatasi uandike 8:00 asubuhi. Aliyemwona mzima ndiye apande gari, hata kama mwenye pesa ni mwingine. Abebe dawa zote kwenye mfuko, hasa kama ipo ya kufanya damu iwe nyepesi, kadi ya kliniki na ya bima.

Hata pasipokuwa na dawa hiyo, kuwahi kuna faida. Picha itasema ni kuziba au kupasuka, baadhi ya waliopasukiwa mshipa huhitaji upasuaji, na uuguzi makini wa siku za mwanzo peke yake huokoa maisha. Ugonjwa huu pia si wa nchi za mbali: utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiwango cha wanaopata kiharusi Dar kikizidi kile cha tafiti nyingi za nchi tajiri. Nyumba yenye mtu wa presha, kisukari, moyo au aliyewahi kupata kiharusi ikubaliane mapema, siku ambayo wote ni wazima: gari la nani, hospitali gani, pesa ya dharura iko wapi. Hicho ndicho kikao kinachofaa.

Mkifika, msipange foleni ya kadi kimya kimya. Mwambieni muuguzi wa mapokezi: tunashuku kiharusi, alikuwa mzima saa fulani. Na akishalazwa, ndugu watakuja na chupa za uji na supu. Aliyekaa kitandani azipokee, azifunike, aulize kwanza kama mgonjwa ameshajaribiwa kumeza. Kama bado, uji unyweni nyinyi.