GILIGILANI KINTINKU: HESABU NI YA JOTO, SI YA SAKITU

Maelekezo ya kilimo yatokayo Ulaya humtaka mkulima apande giligilani nje baada ya sakitu, yaani umande unaoganda, kwisha. Ushauri huo una maana Makete, ambako sakitu huanguka kati ya Juni na Agosti. Kintinku, wilayani Manyoni, iko chini katika Bonde la Ufa na haina sakitu. Hapo adui ni joto.

Giligilani ikipigwa na joto kali huwahi kutoa maua. Majani hupungua na mnunuzi wa kotimiri hukataa fungu. Oktoba na Novemba jua huwa kali, na anayepanda wakati huo huhatarisha mtaji wa mbegu na maji. Masika nayo, Desemba hadi Aprili, ina hasara yake: maji yakituama shambani, mizizi huoza.

Kwa mwenye kisima, majira yenye faida ni Mei hadi Julai, wakati wa baridi. Mbegu huota kwa wiki moja hadi tatu, na majani huvunwa wiki ya sita hadi ya nane tangu kupandwa. Basi mkulima ahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuuza: anayelenga mwanzo wa Julai apande katikati ya Mei.

Asipande shamba zima kwa mkupuo. Tuta moja kila wiki mbili humpa mzigo wa kupeleka sokoni mfululizo, bila kujiangushia bei mwenyewe.