Nyumba Zenye Alama ya X: Somo la Polio Kutoka India

Kila kampeni ya chanjo ya polio inapotangazwa katika kaunti, wahudumu wetu wa afya ya jamii hukutana na swali ambalo halimo katika vitabu vyao vya mafunzo: mzazi akisema "hapana" mlangoni, unafanya nini? Somo la toleo hili linatoka India, nchi iliyopambana na swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi wetu waliozaliwa karibuni hawajawahi kuuona. Kirusi cha polio huingia kwa mdomo na kutoka kwa njia ya choo. Huenea kwa maji machafu na kwa mikono isiyonawiwa. Katika kila watu 200 hivi wanaoambukizwa, mmoja tu ndiye anayepooza. Wengine hupata homa kidogo au hawahisi lolote, lakini kwa wiki kadhaa kinyesi chao hutoa kirusi kwa siri. Kwa hivyo ukimwona mtoto mmoja aliyepooza, jua kwamba kirusi kimekwisha kupita katika mamia ya wengine. Dawa ya kurudishia mguu nguvu zilizopotea haipo.

Jiji la Delhi lilianza kampeni ya matone tarehe 2 Oktoba 1994, na mnamo Desemba 1995 nchi nzima ikafuata. Kampeni ilipokomaa, katika duru moja ya kitaifa watoto wapatao milioni 170 walipewa matone. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya Wakenya wote waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Wahudumu waliofanya kazi hiyo walizidi milioni 2.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Jumapili vituo vilifunguliwa shuleni, msikitini, hekaluni na kando ya barabara, na wazazi wakaleta watoto. Watoto wakubwa wa mtaa walizunguka wakiita wadogo zao. Siku zilizofuata timu za watu wawili wawili zilipita nyumba kwa nyumba zikiwa na kisanduku chenye vipande vya barafu. Kila chupa ya chanjo ilikuwa na alama ndogo ya mraba ndani ya duara. Mraba ukikolea rangi hadi ukafanana na duara, chanjo imeharibiwa na joto na chupa hiyo haitumiki tena. Mtoto aliyepata matone alipakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mlangoni wahudumu waliandika kwa chaki: P kama watoto wote wamepata, X kama kuna aliyekosa.

Mwanzoni X zilionekana kama dosari ndogo. Kama watoto tisa kati ya kumi wamepata, si kazi imekwisha? Kirusi hakihesabu hivyo. Watoto waliokosa hawakutawanyika sawasawa nchini, bali walikaa pamoja, katika vichochoro vilevile na vijiji vilevile, duru baada ya duru. Mwaka 2002 India ilipata wagonjwa 1,600 wa polio, na zaidi ya 1,200 kati yao walitoka jimbo moja tu, Uttar Pradesh. Wengi walikuwa watoto wa familia maskini za Kiislamu magharibi mwa jimbo hilo.

Ni rahisi kusema wazazi hao walikuwa wajinga. Ofisi nyingi zilisema hivyo, na X zikabaki milangoni. Waliokaa chini na kusikiliza waligundua kwamba kila "hapana" ilikuwa na sababu yake.

Sababu ya kwanza ilikuwa uvumi kwamba matone yanaua uzazi. Uvumi huo ulikuwa na historia. Wakati wa hali ya hatari ya mwaka 1975 hadi 1977, serikali ya India iliendesha kampeni ya kufunga uzazi, na mamilioni ya wanaume walifanyiwa upasuaji huo, wengi wao kwa kushinikizwa. Mzee aliyeshuhudia hayo, akiona wageni wa serikali wamesimama tena mlangoni na dawa ya bure kwa ajili ya mjukuu wake, alikuwa na haki ya kuuliza.

Sababu ya pili ilikuwa malalamiko ya huduma. Mtaro wa maji taka umeziba mwaka mzima na hakuna aliyekuja. Mtoto akiharisha usiku, daktari hapatikani. Lakini kwa ajili ya polio watu wanafika kila mwezi, na mtoto akikosa matone wanarudi siku hiyohiyo! Mama anayefikiri kidogo atashuku kwamba kuna jambo. Vijiji vingine vilikataa matone kimakusudi, ili serikali isikilize habari ya barabara na umeme.

Halafu kulikuwa na jambo dogo lililodharauliwa, nalo ni nani anayebisha hodi. Timu nyingi za mwanzo zilikuwa za wanaume wageni. Mume hayupo, mke peke yake hawezi kumfungulia mwanamume asiyemjua, na hivyo nyumba ikaandikwa kwamba imekataa. Haikuwa imekataa hata kidogo.

Kuanzia miaka ya 2001 hadi 2003, UNICEF na mashirika mengine walijenga mtandao wa wahamasishaji wa mitaa katika Uttar Pradesh. Wengi walikuwa wanawake wa hapohapo, na kila mmoja alikabidhiwa nyumba mia chache alizozijua. Alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika kila mtoto wa chini ya miaka mitano, kila mama mjamzito, na kila mtoto mchanga mara anapozaliwa. Katika nyumba ya X hakuingia na hotuba. Aliingia kama jirani, akaketi, akauliza habari za mtoto mgonjwa, akajua kwamba mwenye uamuzi hapa si mama bali ni mama mkwe, na kesho yake akarudi kuongea na mama mkwe. Pale ambapo hofu ilikuwa ya dini, aliomba imamu aende naye. Misikiti mingi ilianza kutangaza siku ya chanjo kwa vipaza sauti, na wasomi wa vyuo vikuu vya Aligarh na Jamia Millia Islamia walifika kuzungumza na wazee.

Wapenzi wa filamu za Kihindi watakumbuka kwamba mwigizaji Amitabh Bachchan alikuwa sauti ya kampeni hii, na kaulimbiu yake ya matone mawili ya uhai ilijulikana kote India. Ilisaidia, hapana shaka. Lakini Amitabh hakuweza kurudi mlangoni Jumatano saa kumi jioni. Yule mama mwenye daftari aliweza.

Malalamiko ya huduma nayo yalijibiwa kwa vitendo, ingawa si kwa ukamilifu. Wahamasishaji walianza kufundisha kunawa mikono kwa sabuni, kunyonyesha, na kutumia maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki mtoto anapoharisha. Waliwaongoza wazazi pia kwenye chanjo nyingine kama ya surua. Hayo hayakuwa mapambo ya kampeni. Mahali penye msongamano, choo duni na kuharisha kwingi, tumbo la mtoto halishiki chanjo ya matone vizuri, na kila dozi huwa na nguvu pungufu. Ndiyo sababu watoto wa Uttar Pradesh na Bihar walihitaji dozi nyingi, wengine zaidi ya kumi. Mzazi aliyeuliza "kama dawa ni nzuri, mbona mnaileta kila mara?" aliuliza swali la kitaalamu bila kujua. Jibu lake la kweli lilikuwa: kwa sababu ya maji yenu machafu, na maji hayo si kosa lenu. Mwaka 2010 India ilianza kutumia chanjo mpya ya matone inayolenga aina mbili za kirusi kwa pamoja, na hilo lilisaidia sana.

Wengine hawakuwa wamekataa, ila hawakupatikana nyumbani. Wafanyakazi wa tanuri za matofali na wa mijengo huhama na watoto wao, kwa hivyo timu ziliwekwa kwenye stesheni na hata ndani ya magari ya moshi. Huko Bihar, katika bonde la mto Kosi ambao hufurika na kubadili njia, wahudumu walivuka kwa mashua na kutembea kwenye matope, na vituo vidogo vikajengwa karibu ili wasilazimike kurudi mbali kila jioni.

Mwaka 2009 India ilikuwa bado na wagonjwa 741, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 2010 walikuwa 42. Mwaka 2011 alikuwa mmoja: mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, wa wilaya ya Howrah huko West Bengal, aliyeanza kupooza tarehe 13 Januari. Hakuwa amepata matone. Baada yake hakuonekana mwingine aliyeugua polio ya asili. Februari 2012 Shirika la Afya Duniani liliiondoa India katika orodha ya nchi zenye maambukizi ya kudumu, na tarehe 27 Machi 2014 eneo lote la Kusini Mashariki mwa Asia likathibitishwa kuwa halina polio ya asili.

Sisi nasi tunajua jinsi kirusi kinavyorudi. Mwaka 2013 polio ililipuka kaskazini mashariki mwa Kenya na kuwapata watu 14, wakati nchi ilikuwa imeanza kuisahau. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru na polio ya asili mnamo Agosti 2020, lakini bado kuna aina ya kirusi itokanayo na chanjo ya matone ambayo huenea pale watoto wengi hawajachanjwa. Ndiyo maana kampeni hazijakoma, na mhudumu akibisha hodi kwako unaweza kumuuliza lolote. Muulize akuonyeshe ule mraba kwenye chupa. Kama una hofu, itaje waziwazi ili ajue ni nani wa kurudi naye.

Jambo moja la mwisho. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, bila kuanguka wala kuumia, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati iliyo karibu siku hiyohiyo, hata kama amepata chanjo zote na hata kama unafikiri ni sindano iliyomuumiza. Sampuli mbili za choo huchukuliwa, zikipishana angalau saa 24, na kupelekwa maabara zikiwa kwenye barafu. Zinatakiwa zipatikane ndani ya siku 14, na siku hizo huhesabiwa tangu mguu ulipolegea, si tangu mlipofika zahanati.